Mikro Mbili na Chupa

Kasongo, 12 Februari 2024

Kwako Yvette, mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sidonie na watoto hawajambo, mimi pia.

Muhindo, yule mnunuzi wa dhahabu anayepita hapo Wamaza kila akienda Lusangi, atakukabidhi mfuko mweusi. Ufungue mbele yake. Amenihakikishia kwamba hakuna kitakachoanguka mtoni, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Ndani mna mashine ndogo ya kurekodi, mikro mbili za kunasa sauti, betri na nyuzi mpya za gitaa. Mwambie baba aondoe ule waya wa breki ya baiskeli alioufunga mahali pa uzi wa tatu. Nataka umrekodi akipiga na kuimba, hapo hapo nyumbani. Redio ninakofanya kazi inaanza kipindi cha nyimbo za zamani za kwetu, na za baba zinafaa. Lakini hiyo ni sababu ndogo.

Unakumbuka siku tulipoondoa matanga ya mama. Shangazi Marie-Louise alitaka baba ahamie kwangu siku ile ile, na mimi nilikuwa upande wake, sifichi. Baba akasema, “Mutu anayepiga gitare yake mwenyewe habebwe sawa muzigo.” Shangazi ni dada yake mkubwa, akikata neno limekatika. Akakata: maadamu ndugu yake Wenceslas anapiga, abaki nyumbani kwake, siku akishindwa, ahame. Sasa watu wamemletea maneno kwamba baba hajaonekana na gitaa kanisani tangu kabla ya Noeli. Ukoo utakaa tena mwisho wa Aprili. Sidonie ameshapaka chokaa kile chumba cha nyuma, ana furaha, na mimi sijui niombe nini. Basi nataka sauti ya baba mkononi, safi, tuisikilize wote na tusibishane.

Tumia mikro nyembamba. Inasikia kila kitu, kwa hiyo chagua mahali pa kimya. Inakula umeme wa mashine, izime mkimaliza. Usiielekeze kwenye tundu la gitaa. Elekeza pale shingo inapokutana na mwili, umbali wa shibiri moja na nusu hivi. Ukitaka kujua mahali pazuri, ziba sikio moja na utembeze lile lingine mbele ya gitaa baba akiwa anapiga. Palipokupendeza, weka mikro.

Simu yako haishiki mtandao mpaka upande kilimani, na sauti hii ni nzito, haitapita huko. Nirudishie kwa Muhindo kadi ya mashine, ile inayohifadhi sauti.

Kaka yako,
Alain


Wamaza, 25 Februari 2024

Yaya Alain,

Jambo sana. Kaka yangu, mfuko umefika mkavu. Muhindo ndiye aliyefika amelowa, anasema alichagua kuukinga mfuko.

Baba hajambo, anakula vizuri, anakusalimu. Nyuzi mpya amezifurahia, ila waya wa breki ameuweka mfukoni, eti ulimtumikia vizuri na hautupwi.

Kazi yako imetutoa jasho. Mara ya kwanza tulikaa sebuleni. Nikasema mikro isielekee tundu, baba akanikatalia: “Mutu anasemaka kwa kinywa, si kwa bega.” Tukaielekeza kwenye tundu. Tuliposikiliza ilikuwa bum, bum, kama watu wanaotwanga nyumba ya pili. Halafu mvua ikaanza, na bati letu unalijua. Tulipongoja mvua ipite, kuku wa jirani wakaja kukauka barazani na kusimulia yaliyowapata.

Basi tumehamia ghalani. Mavuno ya mpunga yalikuwa mazuri, magunia yamepangwa mpaka juu pande tatu, na ukisema neno humo ndani halirudi. Mikro nimeifunga kwenye mchi, mchi nimeusimamisha ndani ya kinu, kinu nimekijaza mpunga ili usiyumbe. Shida ni moja, kinu kinanibana goti. Tunarekodi mchana watu wakiwa mashambani, la sivyo kila apitaye angetaka kujua tunaficha nini katikati ya magunia.

Kadi ndiyo hiyo, nyimbo mbili. Niambie kama inatosha. Ningependa iwe imetosha.

Mdogo wako,
Yvette


Kasongo, 6 Machi 2024

Kwako Yvette,

Kinu na mchi. Nimewasimulia wenzangu wa redio, na mmoja ameenda kuomba kinu cha mama mkwe wake.

Ghala ni zuri kuliko studio yetu, nakwambia kweli. Sauti imekaa, haina mwangwi. Lakini bado ni nzito upande wa chini, mikro inaelekea tundu kwa siri. Mwambie baba kwamba gitaa halina kinywa, linasema kwa mwili mzima, na kinachotoka kwenye tundu ni pumzi. Sogeza mikro kuelekea mkono wa kushoto, pale kwenye kifundo, kile kichuma cha shingoni, cha kumi na mbili, halafu igeuze kidogo irudi kutazama maungio ya shingo. Vidole viwili vya kusogea vinaweza kubadilisha wimbo mzima.

Sasa jambo la pili. Nasikia mtu anagonga chupa. Ni nani? Baba hakuwahi kutaka chupa. Unakumbuka alivyowafukuza wale vijana kwenye harusi, akisema chupa ni ya wale ambao gitaa limewakataa. Simlaumu akibadili mawazo, inapendeza. Lakini chupa inaingia kwenye mikro ya gitaa na kuikata sauti. Ndiyo maana nilitia mikro ya pili, ile yenye kichwa cha duara. Hiyo ni mvivu, inasikia kilicho mbele yake tu. Iweke mbele ya mwimbaji na chupa, karibu. Mashine itaweka gitaa sikio la kushoto na chupa sikio la kulia, na mimi nitazipatanisha huku.

Nilimuuliza Muhindo kama baba anaonekana mzima. Akanijibu, “Mimi nanunuaka zahabu, sinunuake habari.” Huyu mtu angefaa kuwa padri.

Shangazi anauliza kila Jumapili. Nimemwambia kadi ya pili iko njiani.

Alain


Wamaza, 19 Machi 2024

Yaya Alain,

Jambo. Tumefanya kama ulivyosema, mikro mbili.

Anayegonga chupa ni Bruno, wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, yule anayeziba mipira ya baiskeli. Hana kazi wakati wa mvua, na anatumia msumari mrefu. Baba anamvumilia. Ndiyo habari ya chupa.

Lakini nikueleze habari ya mikro nyembamba, maana hakuna mwingine hapa wa kumweleza. Nilifanya kama ulivyosema kuhusu sikio. Nilimpa baba gitaa alishike, apige nyuzi tupu tu bila kuzibana, mimi nikaziba sikio la kushoto na kutembea na la kulia, nikiinama kama mtu aliyepoteza sindano. Kwenye tundu ni nzito. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, ni kali, inauma. Nikafika kwenye kifundo cha kumi na mbili na hapo nikasimama. Ilikuwa kama gitaa limeanza kusema na mimi peke yangu. Niliweka mikro hapo hapo, nikasogeza vidole viwili, nikasogeza kimoja kurudi. Tuliporekodi, ule mkwaruzo wa kidole kinapoteleza kwenye uzi ukapotea karibu wote. Uliobaki nimeuacha, ni wa mtu.

Tumerudia wimbo mmoja mpaka baba akauliza kama tunarekodi au tunasali novena ya siku tisa. Sikutaka kuacha. Nilijua ningeweza kuiweka mikro ovyo, ikatoka bum kama zamani, na hakuna ambaye angesikia vizuri. Sikuweza. Ukishasikia ilivyo, huwezi kuiharibu kwa makusudi.

Baba anasikika mzima? Niambie shangazi atasemaje. Nauliza tu.

Yvette


Kasongo, 30 Machi 2024

Yvette, mama,

Leo nakuita kama baba anavyokuita, kwa sababu nataka usiogope barua hii.

Kadi ni nzuri. Nimefanya kazi ya sauti miaka mingi na sijapata kuletewa gitaa lililorekodiwa vizuri hivi kutoka kwenye nyumba ya mtu. Nilikaa nalo jioni nzima, Sidonie akaacha kupika akaja kusimama mlangoni.

Halafu nikafanya ninachofanya kila siku kazini. Nilizima sikio la kushoto, lenye gitaa, nikabaki na la kulia, nione kama sauti ya baba imekaa vizuri. Sauti ni yake. Chini yake ikabaki chupa peke yake. Yvette, huyo Bruno wako anakimbia. Kila wimbo ukikaribia kiitikio anaingia kabla ya wakati, kidogo tu, kama mtu anayeogopa kufungiwa mlango. Namjua mtu mmoja tu anayefanya hivyo. Kwaya nzima ya parokia ilimlalamikia. Mama alikuwa akimkanyaga mguu kanisani ili apunguze mwendo.

Kisha nikafungua la kushoto. Gitaa halikimbii. Linamngoja mwimbaji avute pumzi, halafu linaingia. Baba hakuwahi kumngoja mtu maishani mwake.

Na goti ambalo kinu kilikuwa kinalibana lilikuwa lako, uliniandikia mwenyewe.

Sijamwambia mtu, hata shangazi. Nataka kusikia kwako kwanza. Mkono wa baba una nini?

Kaka yako,
Alain


Wamaza, 8 Aprili 2024

Yaya Alain,

Nimesoma barua yako ghalani, nimekaa juu ya gunia, na nimelia. Si kwa hofu tu. Nimelia pia kwa sababu umesikia.

Ni mkono wa kushoto. Ilikuwa Novemba, aliamka asubuhi ukiwa baridi na mdomo umeenda upande. Mdomo umerudi. Muuguzi wa kituo cha afya alisema damu iliziba kidogo kichwani, akampa dawa, akasema avute subira. Anatembea, anavaa mwenyewe, anakwenda shambani kunisimamia na kunikosoa. Vidole vya kushoto ndivyo havibani. Kikombe anaweza kukishika, uzi hawezi.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Akanikataza. Aliniambia, “Ukimwambia Alain, atakuja. Kasongo nitaenda fanya nini? Kukaa ku kiti na kungojea watoto watoke ku masomo? Hapa mama yenu iko nyuma ya nyumba. Naamukaka, namwambia jambo.” Ningejibu nini, yaya? Sikuandika.

Kupiga hatukuanza ili kudanganya mtu. Alikuwa anakaa na gitaa mapajani, anagonga nyuzi tupu, na mimi sikuweza kuvumilia. Nikakaa ubavuni kwake nikabana nyuzi kwa mkono wangu wa kushoto, yeye akapiga kwa wake wa kulia. Watu wawili gitaa moja. Alikuwa anataja tu vifundo, cha pili, cha tano, wewe mtoto, laza kidole zaidi. Lakini mkono wake ulikuwa unakimbia na wangu unachelewa, tukagombana, na siku moja akaniwekea gitaa lote mapajani akaenda kutafuta chupa. Aliitafuta kwa muda mrefu, na mimi sikumfuata.

Mfuko wako ulipofika, yeye ndiye aliyesema tupige hivyo hivyo, shangazi hatajua. Mimi nilikubali, na uongo wa Bruno niliutunga mwenyewe. Bruno wa watu hajui hata kama yumo.

Naogopa, yaya. Naogopa wakija kumchukua atakubali kimya kimya, na atakaa kwenye kile chumba cha chokaa akiwashukuru kwa kila kitu. Unamjua akianza kushukuru. Kama ni lazima ukoo ujue, uwaambie kwa kinywa chako. Usiwawekee kadi waamini ni yeye halafu uwacheke. Asichekwe.

Mdogo wako,
Yvette


Wamaza, 9 Aprili

Alain mtoto wangu,

Naandika mwenyewe, mkono wa kuume ni mzima. Yvette hajui. Barua hii nimempa Muhindo mkononi, mbali na nyumba.

Nimeona mtoto analia, nimejua umejua. Usimkasirikie. Kosa la kuficha ni langu.

Ukitaka nihame, njoo mvua zikiisha. Nitapanda pikipiki bila maneno, na dada yangu sitamjibu. Ninaomba kitu kimoja. Wimbo ule usipite kwenye redio kwa jina langu. Nimepiga gitaa tangu ujana na sikupiga vile hata siku moja. Mtoto ndiye avae nguo ya baba, baba havai nguo ya mtoto. Liandike jina lake, useme na ni binti wa nani. Hiyo inanitosha, na mimi nitakuja Kasongo.

Msalimu Sidonie. Mwambie chokaa nyeupe inachafuka upesi.

Baba yako,
Wenceslas


Kasongo, 29 Aprili 2024

Kwako Yvette, na kwako baba, maana najua, Yvette, atakuambia umsomee,

Ukoo umekaa jana nyumbani kwangu. Nilifanya kinyume kidogo cha ulivyoniomba, Yvette, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Niliwawekea wimbo kwanza bila kusema neno. Shangazi Marie-Louise alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipoisha akafuta macho, akasema ndugu yake bado ni mzima, maneno ya watu ni ya wivu, na kikao kimekwisha. Watu wakaanza kutafuta viatu. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, baba abaki, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa na barua nyingine mfukoni. Baba aliniandikia, Yvette, peke yake, siku moja baada yako. Alisema atahama bila maneno mradi gitaa litangazwe kwa jina lako. Barua hiyo sikuwasomea, ni yangu.

Nikawaambia wakae. Nikawaambia ni mkono gani, tangu lini, na kwamba anayepiga ni Yvette, anayegonga chupa ni baba. Hakuna aliyecheka. Shangazi akaniambia, “Rudisha wimbo.” Nikaurudisha. Safari hii aliangalia mashine kama anaangalia mtu. Kwenye kiitikio alitikisa kichwa, akasema, “Ni yeye, hajaacha haraka yake.”

Mmoja wa wakubwa akakumbusha hukumu: siku akishindwa, ahame. Nikasimama. Mimi niliyetaka ahame, nikasema abaki. Nilisema baba hajashindwa, amekuwa mwalimu, na mwalimu hahamishwi katikati ya mwaka. Shangazi akauliza mwaka huo unaisha lini. Nikamjibu kwamba nyimbo zake ni nyingi na mwanafunzi ni mkaidi.

Akakata neno. Baba anabaki Wamaza. Njia ikikauka nitakuja kumchukua, nimpeleke kwa daktari hapa Kasongo, alale kwenye chumba cha chokaa siku chache ili Sidonie apate haki yake, kisha nimrudishe mwenyewe mpaka mlangoni. Hiyo ndiyo hukumu, na kila mtu ameitikia.

Halafu shangazi akauliza swali ambalo sisi wanaume tulikuwa hatujaliuliza. “Na Yvette, yeye anataka nini?” Tukatazamana. Niliona haya. Nakuuliza sasa, kwa kuchelewa. Ukitaka kuondoka, useme, tutapanga vingine na hakuna atakayekulaumu.

Wimbo utapita Jumapili ya kwanza ya Juni. Nimeandika hivi: gitaa, Yvette binti Wenceslas, wa Wamaza, sauti na chupa, baba yake.

Kaka yako,
Alain


Wamaza, 7 Mei 2024

Yaya Alain,

Jambo sana, na asante. Mengine siwezi kuyaandika.

Jibu la swali la shangazi ni hili. Nataka kubaki. Nataka pia mikro nyembamba ibaki na mimi. Ile mvivu unaweza kuichukua ukija, baba anasema inamwonea. Na nataka mtu wa kunisaidia kulima msimu ujao, maana siwezi kupalilia na kupiga. Nimeyasema yote matatu kwa mara moja ili nisirudi nyuma.

Sasa nikueleze la baba. Sikujua alikuwa amekuandikia. Lakini karibu mwezi mzima nimekuwa nikiona sanduku lake chini ya kitanda limefungwa kwa kamba. Nilidhani anaogopa panya. Nilipoinua siku moja nikifagia lilikuwa zito, nikadhani ameweka vitabu vya kanisa. Sikuuliza. Zilikuwa nguo zake zote, yaya. Alikuwa anavaa shati lile lile na kulifua, mimi nikamgombeza kwa uvivu wa kubadilisha.

Nilimsomea barua yako barazani. Aliinuka akaingia ndani, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Alilivuta sanduku, akafungua fundo kwa mkono mmoja na meno. Nikataka kumsaidia, akanionyesha kiganja nisimame. Akatoa nguo moja moja, akazitundika mahali pake kwenye misumari. Zile zilizoanguka aliziokota mwenyewe. Ilichukua muda na nilisimama pale mpaka mwisho.

Alipotoka alienda ghalani, akaniita nilete gitaa. Nikaweka kinu, nikafunga mikro kwenye mchi. Akaniambia leo ananifundisha ule wimbo aliomtungia mama walipokuwa wachumba, ambao hajauimba tangu tumzike. Halafu akaitazama mikro.

“Hii utoe inje,” akasema. “Mama yenu alikuwaka na haya.”

Nimeitoa nje. Kwa hiyo usimlaumu Muhindo ukiikuta kadi tupu.

Mdogo wako,
Yvette